Ndama Hakuulizwa

Usa, mlimani Meru
9 Machi 1913

Kwa mdogo wangu Solomoni mwana wa Sumari,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, ila mama mkwe wangu anakohoa tangu Januari, na mbuzi wawili wamekufa kwa kuhara. Shemeji yako Kaanaeli anakusalimu. Mvua haijaanza ingawa mawingu yameukalia mlima wiki nzima. Ndizi zipo, maharage yamekuwa haba.

Jambo baya ni la ardhi. Mzungu wa shamba la chini ameongezewa, na vigingi vyake vimefika hadi kwenye mfereji. Nyumba tisa zilizo chini ya mfereji zimeamriwa kuhamia juu yake kabla ya mavuno. Wazee wa ukoo wanakaa kila siku kugawana kile kipande kilichobaki, na kila siku wanaondoka wamenuniana.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha hapa na kalamu. Kitabu chenu cha kusomea kimefika misheni. Nilifurahi kukiona, nikawaambia watoto wangu wa darasa dogo kwamba herufi hizi zimepangwa na mkono wa ndugu yangu kule Tanga, kwenye mtambo wa kuchapia. Nikafungua, nikakuta hadithi ya Nyati na Shashi. Hadithi ya baba! Nikaanza kuwasomea kwa sauti kubwa, nilipofika mwisho nikarudi kuusoma tena peke yangu.

Solomoni, umeifanya nini hadithi ya baba?

Au umesahau? Basi nikukumbushe, maana mimi niliisikia nimekwisha kuwa mke wa mtu, kila nilipokwenda kumsaidia mama kumenya ndizi. Nyati alikuwa na rafiki, Shashi, yule ndege anayekula kupe. Nyati alimpa mgongo wake asimame, Shashi naye alimwangalia adui. Akimwona Simba hulia, Nyati akakimbia. Siku moja Simba akakiona kiota cha Shashi, akaweka kucha zake juu yake, akasema, "Leo ukilia, nakanyaga." Shashi akanyamaza. Nyati akaliwa. Shashi akaenda kwa Pofu, yule swala mkubwa, Pofu akamuuliza, "Ulimlilia nani?" akamtikisa. Akaenda kwa Punda Milia, akaenda kwa Kifaru, wote wakamuuliza hivyo, wote wakamtikisa ashuke. Ndiyo maana hata leo Shashi hatulii kwenye mgongo mmoja. Hapo baba alikuwa anatazama moto, na hakuna aliyethubutu kumwomba nyingine.

Wewe umeandika kwamba mwishoni alikuja ndama wa yule Nyati, akamwambia Shashi, "Panda mgongoni kwangu," wakaishi kwa amani. Ndama gani huyo? Katoka wapi? Nani alimuuliza ndama kama yuko tayari?

Unajua vizuri Shashi ni nani. Mlima mzima unajua. Ni Nashilu, mke mdogo wa Saning'o, aliyewaambia askari wa Wadachi mumewe kaficha ng'ombe wapi, wakamuua, mwaka ule wa vita migomba ilipochomwa. Saning'o alikuwa rafiki wa baba wa rika moja, walitahiriwa siku moja. Baba hakuweza kumtaja mwanamke yule kwa jina, akamtaja kwa hadithi. Nawe umemsamehe kwa niaba yetu, kwenye kitabu!

Nijibu upesi.

Mimi dada yako,
Tabea


Tanga
2 Aprili 1913

Dada yangu Tabea,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku halisemeki, wino unachuruzika kabla ya kukauka. Bado nakaa na Jabiri, yule mpanga herufi mwenzangu wa Pangani niliyekutajia. Anakusalimu. Mpe pole mama mkwe kwa kikohozi. Nimemkabidhi mtu wa kwetu anayerudi sindano na kitambaa cheupe, vitakufikia.

Barua yako nimeipata, nimeisoma nimesimama. Sikujua kama hadithi ya ndege na nyati inaweza kumfanya mtu amwandikie ndugu yake namna ile. Kitabu hiki ni cha watoto wa miaka saba, minane. Niliona si vizuri wafunge kitabu wakiwa na ndege anayefukuzwa na kila mtu. Nikatia mwisho mwingine. Mtu anayesimulia hadithi ana ruhusa hiyo, na baba mwenyewe hakuwa akiisimulia sawasawa kila mara.

Unasema Shashi ni mama Nashilu. Ulimsikia baba akisema hivyo kwa kinywa chake? Mimi sikumsikia.

Nakuomba jambo moja. Usiwasimulie watoto hadithi hiyo kwa mwisho wa zamani. Wasomee kilichoandikwa, basi. Sababu nitakupa tukionana.

Katika zile nyumba tisa, ya mama Nashilu imo? Naye atapewa wapi?

Mdogo wako,
Solomoni


Usa, mlimani Meru
25 Mei 1913

Solomoni,

Sisi ni wazima. Mama mkwe alizikwa Jumanne baada ya Pentekoste, kikohozi kilimshinda. Mvua imekuja kwa hasira, daraja la miti limesombwa, ndiyo maana barua yako ilikaa Moshi. Kitambaa nimekipata, ahsante. Nilikitumia kwa maziko.

Umeniomba nisisimulie hadithi ya baba kama alivyoisimulia baba. Sababu utanipa tukionana. Tutaonana lini? Una miaka mitatu hujakanyaga hapa. Kaburi la baba limeota majani mpaka kiunoni, nalifyeka mimi.

Kwa hiyo nimeisimulia. Nilifunga kitabu chako mbele ya watoto, nikawaambia, hapa mchapaji alikosea, sasa sikilizeni ilivyo. Walisikiliza hata mbu hawakumpiga. Nilipomaliza mmoja akauliza, "Mwalimu, Shashi yuko hapa kwetu?" Sikumjibu, ila sikumkanya pia. Watoto si wajinga, majumbani mwao wanasikia.

Sasa Nashilu akienda mferejini wanamfuata wakimwimbia, "Ulimlilia nani? Ulimlilia nani?" Wiki iliyopita mmoja alirusha jiwe, kibuyu chake kikapasuka. Binti yake Resiato akawakimbiza kwa fimbo. Mchungaji aliniuliza nini hiki, nikamwambia ni mchezo.

Uliuliza habari za kihamba, shamba lake la migomba. Nyumba yake ni ya tisa. Wazee wamepima, wakaona juu ya mfereji panatosha migomba ya nyumba nane, kwa kubanana. Mzee mmoja akasema, ya tisa si ya kujadili, mwanamke yule alikwisha kutuuza mara moja. Hakuna aliyempinga. Kwa kuwa mimi najua kuandika, waliniita niandike karatasi ya majina ya kupelekwa Boma. Nimeandika majina manane kwa mkono wangu. Sijuti.

Kama ulitaka kunizuia ungesema neno lililo na maana.

Tabea


Tanga
20 Juni 1913

Dada,

Salamu sitaandika.

Aliyewaonyesha askari njia ya ng'ombe ni baba.

Nitaandika upesi kabla sijaichana hii kama nilivyochana nyingine. Wewe ulikuwa kwa mumeo, mmejificha kwenye korongo la mto. Mama alikuwa amenipandisha mlimani, kupita migomba, mimi nikamponyoka nikarudi nyumbani kumtafuta mbuzi wangu mdogo. Nilikuwa na miaka saba. Askari wakanikamata uani. Wakanifunga kamba mkononi na ncha nyingine kwenye nguzo ya zizi. Baba alikuwa kichakani, aliniona. Akatoka mwenyewe, mikono juu.

Mkalimani akamuuliza, "Ng'ombe wako wapi?" Baba akasema hana. Wakampiga, akasema hana. Ndipo mmoja akaniwekea mdomo wa bunduki sikioni. Ulikuwa baridi. Baba akaanza kutembea kupanda mlima bila kusema neno, wao nyuma yake, mimi kwenye kamba.

Unaujua mluzi wa baba na Saning'o, ule wa mara tatu waliokuwa wakiitana nao tangu ujana. Walikuwa wameagana kwamba atakayeona hatari aupige. Tulitembea mpaka kwenye uwazi wa msituni ng'ombe walimofichwa, na baba hakuupiga. Saning'o alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua wa miba na mkuki wake. Alimwona baba kwanza, akacheka. Akasema, "Sumari! Mtoto umemleta pia? Vizuri, maziwa yapo." Halafu akawaona waliokuwa nyuma. Walimpiga risasi mbili. Baba alikuwa hatua nne kutoka kwake.

Tuliposhuka, watu walikuwa wanasema kwamba Nashilu ameonekana akipita karibu na kambi, na bangili zake zote mkononi, wala hakuguswa. Alikuwa ameshuka kumtafutia mwanawe chakula. Wakasema ndiye. Baba alisikia. Alinitazama tu. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mtoto. Nilipokua nikanyamaza kwa hiari yangu.

Hadithi ile hakuwa akimsema Nashilu. Alikuwa akijisema mwenyewe, kila jioni, mbele yetu. Ulisimulia kiota kwa watoto wako darasani na hukujiuliza ni kiota cha nani. Kiota ni mimi, dada. Kila baba alipofika pale Simba anaweka kucha nilikuwa naushika mkono wangu uliofungwa kamba. Unaniuliza kwa nini nilimtafutia yule ndege mgongo wa kukaa. Ni baba yangu! Alinyamaza kwa ajili yangu!

Na wewe umewafundisha watoto kumpiga mawe mjane wa Saning'o. Umeandika majina manane. Nenda kwa wazee LEO, liongeze la tisa.

Solomoni

11 Julai. Barua hii nimekaa nayo wiki tatu chini ya mkeka. Naituma sasa. Usiniulize kwa nini.


Usa, mlimani Meru
24 Agosti 1913

Solomoni,

Wiki tatu chini ya mkeka.

Barua yako ilinifikia tarehe tatu Agosti. Nashilu alitolewa tarehe kumi na nane Julai. Ungeituma siku uliyoiandika ingefika yeye angali ndani ya nyumba yake. Walikuja vijana wa shamba la Mzungu na ng'ombe wa kulimia, migomba yake ikalala chini asubuhi moja. Alisimama na binti yake na mzigo wa vyungu. Mimi nilipita njiani nikageuza uso. Umenielewa? Niligeuza uso, kwa kiburi, kama mtu msafi.

Niliisoma barua yako nikiwa zizini. Kaanaeli alinikuta nimekaa kwenye samadi. Nikamsomea. Akasema, "Ichome, na usimwambie mtu. Unataka kumvua baba yako nguo mbele ya watu?" Nikamwambia baba amekufa, hasikii baridi.

Nilisikia Nashilu ameonekana sokoni Ngaramtoni akiuza maziwa, kwamba amerudi kwa kaka zake Waarusha kule Kisongo. Nikakata jani la isale, lile tunaloombea msamaha huku kwetu, nikatembea. Siku mbili, na usiku nililala kwa watu nisiowajua. Nilimkuta anasuka ukuta wa kijumba cha udongo kwa fito. Resiato aliponiona akaokota jiwe. Mama yake akamwambia aliweke.

Nilisema naye huku nimesimama, hakunipa kigoda. Nilimwambia yote, kamba, bunduki, mluzi. Alisikiliza huku anafunga fito. Nilipofika pale Saning'o alipocheka, mikono yake ikasimama.

Akasema, "Sumari alikuwa akiniletea ndizi kila mavuno. Watu wote walinikimbia, yeye tu ndiye aliyekuja. Nilimbariki. Nilimwambia mwanangu, yule ndiye baba yako sasa. Siku anakufa niliketi miguuni pake nikaikanda miguu yake."

Nikampa isale. Akaipokea, akaitazama, akairusha kwenye majivu.

"Hayo uliyaona wewe?" akaniuliza.

"Hapana. Solomoni ndiye aliyeona."

"Basi umekuja kufanya nini wewe? Mlete mwenye macho."

Nilirudi, nikaenda kwa wazee. Nilisema mbele yao wote. Yule yule mzee akaniuliza, "Ulikuwapo?" Nikasema sikuwapo. Akasema, "Basi tusiwafukue wafu kwa ajili ya karatasi." Sasa wanaona nimerukwa na akili kwa sababu ya msiba wa mama mkwe.

Miaka kumi na saba, Solomoni. Nilikubeba mgongoni nikiwa na mwanangu kifuani. Kila ulichokula utotoni nilikionja kwanza kama ni cha moto. Nawe ukaniacha nimchukie mtu asiye na kosa mpaka nikawafundisha watoto wa wenzangu kumchukia. Ulichonitumia ni ombi la kusoma kilichoandikwa, basi, na ndama wa kubuni. Ndama mwenyewe yuko Kisongo, jina lake Resiato, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Njoo. Sikuombi.

Tabea


Tanga
17 Septemba 1913

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi nilikuwa na homa siku sita, sasa ni nafuu. Poleni sana kwa msiba wa mama mkwe, samahani sikuandika mapema.

Maneno yako yote nayastahili. Ila bwana wa hapa hatoi ruhusa. Kitabu cha pili kiko mtamboni, na wapanga herufi tuko watatu tu. Amesema labda baada ya Krismasi. Nikiondoka nitakuwa nimeacha kazi, na kazi kama hii kwa mtu wa bara haipatikani mara mbili.

Nimefikiri nikaona njia. Nimeandika ushahidi wangu kwenye karatasi nzuri, kwa maneno ya heshima, na Jabiri ametia sahihi kwamba ni mkono wangu. Wasomee wazee. Msomee na mama Nashilu. Ni sawa na mimi kuwapo.

Nisamehe, dada.

Solomoni


Usa, mlimani Meru
12 Oktoba 1913

Solomoni,

Karatasi yako narudisha, imo humu ndani.

Niliipeleka Kisongo. Nilimsomea yote mpaka jina la Jabiri. Nashilu akaniuliza, "Nikiiuliza neno, itanijibu?" Nikasema haitajibu. Akaendelea kukamua ng'ombe.

Wazee nao walisikiliza nusu, wakasema kijana wa Tanga ameandika Kiswahili kizuri.

Na kweli ni kizuri. Umeandika, "marehemu Saning'o alipatwa na mauti katika ghasia za wakati huo." Alipatwa na mauti! Mimi uliniandikia kwamba alicheka, akasema maziwa yapo. Kicheko chake umekiweka wapi? Baba umemwita "mzazi aliyelazimika." Bunduki umeiita "vitisho." Wewe huwezi kushika kitu kichungu bila kukitia asali? Kaa na mtambo wako. Andika vitabu. Mimi sitakuandikia tena.

Tabea


Moshi
9 Novemba 1913

Dada,

Nimeshuka gari la moshi leo. Nimeacha kazi, nafasi yangu imepewa mtu kabla sijafunga mzigo. Jabiri alinisindikiza stesheni akiniita mjinga.

Sikuja kwa ujasiri, usinisifu. Nilipewa kurasa za kitabu cha pili nipange, na humo wameirudia hadithi yangu, yenye ndama, kwa sababu wakubwa wameipenda. Nilifika pale anaposema "Panda mgongoni kwangu," nikashindwa kuokota herufi. Nilikaa nimeshika P mpaka bwana akanipigia kelele. Nikaona nitaipanga hadithi hii mpaka nizeeke, na kila nikiipanga nitakuwa nimenyamaza tena.

Naondoka kesho na wapagazi wanaokuja Arusha. Waite wazee wakae Jumapili baada ya ibada. Mpelekee habari mama Nashilu. Akitaka kuja, aje. Nikianza kusema usinisaidie hata neno moja, hata nikinyamaza kwa muda.

Kihamba cha baba, kile nilichokuwa nitarithi, usimwahidi mtu.

Solomoni


Usa, mlimani Meru
18 Januari 1914

Kwa mdogo wangu Solomoni, stesheni ya Moshi,

Nimesikia umepata kazi ya kupakia magunia ya kahawa. Angalia mgongo wako, hukuzoea. Sisi ni wazima. Kaanaeli aliacha kusema nami tangu siku ile ya baraza, akaanza tena siku ya Krismasi kwa kuniuliza chumvi iko wapi. Mahindi yamenyauka pembeni, lakini migomba inaendelea.

Nakuandikia habari za baada ya wewe kuondoka, maana uliondoka mapema mno.

Hukuwaona wazee ulipokuwa unasema, ulikuwa umeinamisha kichwa. Mimi niliwaona. Ulipopiga ule mluzi mara tatu ili waujue ulivyokuwa, mzee mmoja wa rika la baba alijifunika uso kwa shuka lake. Alikuwa anaujua. Baadaye aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akishangaa kwa nini baba aliacha kuupiga. Hakuuliza. Wote hawakuuliza, Solomoni, kwa sababu Nashilu alikuwa amekwisha kupatikana wa kubebeshwa lawama.

Nilidhani Nashilu atakapoulizwa anataka nini atasema ardhi. Hata wazee walidhani hivyo, walikuwa wamekwisha kuandaa vigingi. Yeye akakutazama wewe akasema, "Nionyeshe mahali." Miaka yote hiyo hakujua mumewe alianguka wapi. Na sisi hatukufikiri kwamba hajui. Mlipanda wawili, nami sikukufuateni. Mlikaa mpaka jua likageuka. Hujaniambia mlisemezana nini huko, nami sikuulizi.

Kihamba cha baba kimepimwa na kimekuwa chake. Walimpa mbele ya watu, kwa jina lake. Amekwisha kupanda vichipukizi sitini, yeye na Resiato, na ng'ombe wawili wamefungwa pale pale zizi letu lilipokuwa. Nilikwenda kumsaidia siku ya kwanza. Akaniacha nilime mstari wangu mpaka mwisho, akanipa maji, akaingia ndani akafunga mlango. Salamu zangu haitiki. Naendelea kwenda.

Mimi nimeondolewa darasani. Niliwasimulia watoto hadithi yote upya, nikawaambia Shashi ni baba yangu, na kiota ni ndugu yangu, na mwanamke mliyempiga mawe alikuwa akienda kuteka maji tu. Wengine walilia. Mchungaji akasema nimeleta fitina ndani ya shule. Sasa kuna mwalimu kijana anayewasomea kutoka kitabu chako, mpaka kwenye ndama na amani yake. Wakinipita njiani baadhi yao wananiita binti Shashi. Siwafukuzi.

Lakini hasira yangu haijaisha, na isingekuwa haki iishe. Wewe nimekukasirikia kidogo kuliko zamani, baba nimemkasirikia zaidi. Nimeacha kufyeka kaburi lake. Huenda nitarudi kulifyeka, sijui. Na ninapomaliza kuwakasirikia ninyi wawili nageuka kuwatazama walioleta kamba na bunduki ile, na vigingi hivi vya juzi. Wao hawapo katika hadithi ya mtu yeyote ila kama Simba, na Simba haulizwi alimlilia nani.

Jana Nashilu alikuja kwenye uzio wangu. Ni mara ya kwanza. Alisema amesikia nina mtu wa kupeleka barua Moshi, akaniamuru niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze. Ni haya:

"Mwambie Solomoni mahali nimepaona. Mwambie siku ile nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sasa nina thelathini na tisa. Miaka iliyo katikati anirudishie, kama anayo."

Nikamuuliza kama nitie na salamu zake mwishoni.

Akasema, "Sikukutuma salamu."

Tabea